Priscilla Gershom, Muuguzi Aliyekwenda Mwenyewe kwa Abduba

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wazee wafugaji mliovuka mto na kukaa nasi tangu asubuhi, majirani, na ninyi akina mama mliobeba watoto mgongoni kwenye jua hili, familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu Priscilla Gershom. Mimi ni Tamar, mtoto wa dada yake mkubwa, nilimwita mama mdogo, na yeye ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, kwa hiyo nikisita mniwie radhi, na huyu mdogo niliyempakata akilia nitamnyonyesha huku nikisoma, kwa kuwa marehemu hakupenda mtoto acheleweshwe.

Marehemu alizaliwa Golbanti mwaka 1912, wakati wa kuvuna mpunga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gershom Buya na mkewe Habona, na ingawa siku yenyewe haikuandikwa, alibatizwa Jumapili tarehe 6 Aprili 1913, akiwa ameshaota meno mawili, na bibi yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyo alimng'ata mchungaji kidole. Alisoma shule ya misheni hapo Golbanti kuanzia mwaka 1921 hadi 1926, akafika darasa la nne, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba siku moja mwenzao alipoanguka kifafa darasani na wote wakakimbia nje, Priscilla peke yake alibaki, akamlaza ubavu, akamwekea shuka yake chini ya kichwa, akakaa hapo akimpepea hadi alipozinduka, na hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Mwaka 1931 aliajiriwa katika hospitali ya misheni huko chini ya mto, kwanza kufua bandeji, halafu kuwaosha wagonjwa, halafu akaingizwa katika mafunzo ya uuguzi na ukunga, akafaulu tarehe 14 Desemba 1934. Mambo aliyojifunza huko wengi wetu tumeyaona kwa macho, kwamba sindano haiguswi kabla haijachemka, kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa asubuhi, adhuhuri na jioni ili mgongo usioze, kwamba mwenye kifua kibaya hulazwa ameinuliwa, naye mito ilipokosekana alishona magunia akayajaza pumba za mpunga. Lakini yako mengine ambayo sidhani aliyasoma kitabuni. Kabla ya kushika tumbo la mja mzito alipasha mikono yake kwapani, kwa sababu mikono ya kunawa kila mara ni ya baridi, na akimwosha mzee mwanamume alikuwa akimsimulia habari za mamba na viboko, akitazama dirishani, ili mzee asione haya.

Jumamosi tarehe 18 Julai 1936 alifunga ndoa kanisani Golbanti na Danson Hiribae, mkulima, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Gershom aliyezaliwa mwaka 1937, Tuneya aliyezaliwa mwaka 1940, na Elisha aliyezaliwa mwaka 1943. Elisha aliharisha mwezi wa Aprili 1945 wakati mama yake yuko kazini, na wazee waliobaki naye nyumbani walifanya kama walivyolelewa, wakamnyima maji ili tumbo likauke, na mama alipofika na mtumbwi, mtoto alikuwa hana hata machozi, naye akafariki. Hakumlaumu mtu. Alichofanya ni kwamba tangu siku ile alikwenda nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, akiwafundisha akina mama kuchemsha mchele hadi upondeke, kuchuja maji yake, kutia chumvi kidogo, na kumnywesha mtoto anayeharisha kijiko kimoja kimoja bila kuchoka, akitapika ungoje kidogo uanze tena, na wako watoto wengi uwanjani hapa ambao ni wazima kwa ajili ya kijiko hicho.

Februari 1949 alihamia Garsen, katika zahanati ndogo ya makuti karibu na kivuko, akifanya kazi pamoja na dresa wetu, mfunga vidonda na mtoa dawa, ndugu Chande. Huko ndiko alikokutana na watu wa pande zote, wakulima wa mtoni na wafugaji wa nyikani, na mnajua wenyewe kwamba pande hizi mbili hazikuwa zikiaminiana, ng'ombe wakiingia shambani ni ugomvi, na mwanzoni wafugaji walikuja kwake kununua vidonge tu, wamesimama mlangoni. Ilimchukua miaka mitano mpaka wanawake wao wakubali kuingia, kulala na kuzalia hapo, na marehemu aliniambia mara nyingi kwamba katika maisha yake hakuna kitu alichoogopa kukipoteza kama imani ya wanawake wale, kwa kuwa ikipotea watazalia njiani, na atakayekufa hatamjua hata jina.

Sasa nimefika mahali ambapo wazee wangu wa ukoo hawakutaka nisome. Juzi jioni walisema mazishini husomwa mema. Lakini marehemu mwenyewe alinishika mkono mwezi wa Januari, pumzi ikiwa fupi, akasema, "Tamar, wakisoma habari zangu wasiruke ya Barwako. Wakiiruka, mtamzika mtu mwingine." Na mzee Danson akakata shauri, akasema, "Msome yeye, msinisomee malaika. Malaika sikuoa mimi." Kwa hiyo nasoma, na wenye habari hii wako hapa na wameniruhusu.

Siku ya Jumanne tarehe 9 Agosti 1955 walikuwapo katika chumba cha akina mama wake wawili wa ndugu wawili wafugaji. Batula, mke wa Dida, alikuwa amejifungua alfajiri na alikuwa akitoka damu kuliko inavyofaa, na Barwako, mke wa Abduba, alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi minane, ameletwa kwa ajili ya homa. Mama mkwe wao, bibi Darmi, alikuwa nao. Marehemu alimlaza Batula kitanda cha karibu na mlango ili amwone kila apitapo, na Barwako akamlaza kwenye mkeka pale kwenye kona yenye jiko la makaa, halafu akatoka kwenda kuchemsha sindano, ya dawa ile inayokaza mji wa mimba baada ya mtoto kutoka, ili damu ikome.

Bibi Darmi alipobaki peke yake na wakwe zake aliona jambo ambalo mama yeyote wa kwao angeliona, kwamba mzazi amelazwa mlangoni penye upepo, na mzazi hukaa karibu na moto. Basi kwa mapenzi yake akawabadilisha, Batula akampeleka kwenye jiko, Barwako akampandisha kitandani, akawafunika wote wawili shuka gubigubi, mtoto mchanga akampakata yeye mwenyewe. Marehemu aliporudi alikuta nje watu wamejaa, akaingia haraka na sindano mkononi, akaona mtu kwenye kitanda cha Batula ameelekea ukutani, akaita, "Batula?" Barwako hakujibu, kwa sababu mke kijana wa kwao hatoi sauti mbele ya mama mkwe wake, aliunyosha mkono tu. Na bibi Darmi, ambaye kama watu wengi wa wakati ule aliamini kidonge ni cha maskini na sindano ndiyo dawa, alifurahi kuona mkwe wake anapewa, akasema, "Piga, mama, piga. Huyu yetu pia."

Kabla sindano haijaoshwa Barwako alijikunja akilia. Marehemu alifunua shuka, akaona tumbo limekuwa gumu kama ubao, akajua.

Kila alichoweza kukifanya alikifanya. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutua, mvulana, hakupumua, na marehemu alimpulizia pumzi kwa kinywa chake mwenyewe mpaka ndugu Chande akamshika mabega na kumwambia basi. Barwako alipona, na Batula naye alipigwa sindano yake, damu ikakoma. Na hapo, kabla hawajanawa mikono, ndugu Chande alimvuta kando akamnong'oneza, naye ndiye aliyenipa maneno haya niyasome, "Dada, homa inaangusha mimba, kila mtu anajua. Nyamaza. Ukisema hawatarudi tena hapa, na wewe kazi huna." Marehemu alimjibu, "Wakirudi kwa sababu sikusema, Chande, watakuwa wamerudi kwa nani?" Akaingia, akapiga magoti mbele ya bibi Darmi, akasema, "Mama, mtoto huyu hakuuawa na homa. Sindano ile ilikuwa ya Batula, nami nikampiga Barwako bila kumtazama uso." Bibi Darmi alijifunika uso kwa mtandio.

Habari ilifikishwa kwa bwana daktari wa wilaya, naye alimzuia marehemu kushika sindano kwa miezi sita, adhabu ambayo aliipokea bila kunung'unika. Lakini kabla ya hapo, siku ya nne baada ya msiba, alijifunga kanga akasema anakwenda bomani kwa Abduba kutoa pole. Majirani walimkataza, mzee Danson akamwambia, "Unakwenda kuutafuta mkuki kwa miguu yako," akajibu kwamba mwenye msiba hangojewi aje, hufuatwa. Akaenda. Na mzee Danson, ambaye alikuwa amesema hatakwenda, alionekana nyuma yake kwa mbali njia nzima, ameshika panga, anajifanya anatafuta kuni katika nyika ambayo haina hata mti wa kupigia mswaki.

Alikaa chini pamoja na wanawake, wala hakuombwa kuketi, wala hakufukuzwa. Abduba alimwuliza mbele ya wazee, "Kwa nini ulisema? Sisi tungesema ni kazi ya Mungu, tukazika, tukanyamaza." Marehemu akamjibu, "Kazi ya Mungu ni yake, na hii ni yangu, siwezi kumbandikia. Na mimi nimezika mwana, naujua mgongo usio na mtoto." Abduba akamwambia aende nyumbani kabla jua halijazama, kwa sababu njia ina simba. Mzee Danson anasema waliporudi alikuwa akitembea kama mtu aliyejitwisha mtungi, hageuki.

Wafugaji hawakuja tena. Kiangazi chote kile zahanati ilikaa bila mwanamke hata mmoja kutoka nyikani, na tulisikia kwamba mmoja alizaa njiani kuelekea kisimani akapoteza damu akafa, na mama mdogo alipoambiwa aliuliza jina lake, na hakuna aliyelijua. Alikonda. Ndugu Chande hakumwambia hata mara moja kwamba nilikuonya, na mimi huuhesabu huo kuwa wema mkubwa. Kila asubuhi marehemu alifagia chumba cha akina mama, akatandika kitanda na mikeka, akachemsha maji, akakaa kizingitini akisubiri, na jioni akayamwaga.

Mwezi wa Februari 1956 bibi Darmi aliingia, amembeba mtoto wa Batula, yule yule aliyezaliwa siku ile, anaharisha, macho yameingia ndani. Hakusalimu. Alimweka mtoto mapajani mwa marehemu, akasema kwa Kiswahili chake, "Kule Hola iko daktari, na Madogo iko mtu ya dawa. Lakini hao wakikosa, mimi hapana jua. Wewe ukikosa, utaniambia." Marehemu alianza kumnywesha mtoto maji ya mchele, kijiko, kijiko, huku machozi yakimtiririka hata bibi Darmi akamkaripia, "Wewe lia baadaye! Sasa nyesha mtoto." Mtoto alipona, na baada ya hapo wakaja mmoja, wakaja wawili, wakaja na punda.

Tangu kosa lile marehemu aliweka desturi mpya, na ndugu Chande anaifuata mpaka leo. Hakumwita tena mgonjwa kwa jina akangoja aitikie, kwa maana mwenye homa huitikia jina lolote, wala hakutazama kitanda, bali alimfunua uso, akamwuliza, "Wewe ni nani, umezaliwa na nani, unaumwa nini?" na jibu lazima litoke kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, na kama ni mke kijana mwenye haya mbele ya mama mkwe, marehemu aliinama akamtegea sikio lake mdomoni, na akina mama wakwe walijifunza kutoka nje kuota jua. Watu walimcheka sana. Shemeji yake alipougua malaria alitoka akatangaza sokoni kwamba Priscilla amezeeka, amemwuliza jina lake, na mzee Danson mwenyewe alipochomwa na msumari, akaulizwa, alifoka, "Mwanamke, tumezaa watoto watatu, hulijui jina langu?" naye akamjibu, "La mume wangu nalijua. La mgonjwa bado hajaniambia." Akalitaja, akachomwa sindano, akanuna siku nzima.

Jumatatu tarehe 3 Juni 1957, Barwako alirudi. Alikuwa na mimba tena, na ndugu zake walitaka azalie bomani, lakini alisema hazalii popote ila kwa yule yule. Mimi nilikuwapo, kwa sababu nilikuwa nimejifungua huyu mwanangu mkubwa siku chache nyuma, nami nililala mkeka wa pili. Nilimwona mama mdogo akinawa mikono, akinawa tena, akinawa mara ya tatu, na Barwako, katikati ya uchungu, akaona vile, akamshika mikono yote miwili akaiweka tumboni mwake. Alizaliwa msichana, akalia kabla hajatoka mwili wote, na bibi Darmi akacheka kwa sauti nje, na mama mdogo akaketi sakafuni, mtoto mapajani. Msichana huyo yuko hapa, ndiye yule mwenye shanga anayemvuta babu Danson fimbo.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Juni 1958, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, ikaonekana ni moyo, akalazwa hospitali ya misheni mara mbili, Agosti na Novemba, na kila mara alirudishwa na nafuu kidogo. Mwezi wa Desemba alishindwa kulala chali, tukamwinua kwa magunia ya pumba, tukamgeuza kama alivyotufundisha, na hakupata kidonda hata kimoja. Barwako alikuja na maziwa, akayachemsha mwenyewe, akamnywesha, akakaa naye mchana nikapata kulala na watoto wangu. Marehemu alikata roho Alhamisi tarehe 12 Februari 1959, saa moja asubuhi, nyumbani kwake hapa Garsen, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, ameegemea kifua cha mzee Danson. Ameacha mume, watoto wawili, mimi na wadogo zangu aliotulea, na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa misheni waliomtibu, ndugu Chande aliyekuwa akifunga zahanati na kuja kumwona kabla hajala, majirani mlioteka maji na kupika, na wale mliolima shamba la mzee Danson mvua ndogo ikamkuta hana haja ya jembe. Tunamshukuru mzee Abduba, ambaye jana alituletea dume la kuwalisha waombolezaji, akalileta mwenyewe, kwa miguu, kama alivyofuatwa yeye.

Na mtusamehe kwa kuchelewa kuanza. Asubuhi hii jeneza lilipokuwa limeshatoka ndani, walifika wanawake watatu kutoka nyikani, hawakuwa na habari ya msiba, mmoja ana uchungu wa kuzaa, na walipoambiwa kwamba Priscilla hayupo, tuliogopa wangegeuza punda. Yule mkubwa wao aliuliza tu, "Aliyefundishwa naye yuko?" Ndugu Chande akavua koti lake la msiba, akaenda, na mzee Danson akasema jeneza liwekwe kivulini, lingoje. Ni mvulana. Mama na mtoto ni wazima, na ndipo tukaanza.

Basi lala, mama mdogo, pumzika kwa amani, wagonjwa wako wana mtu.